Mtoto Kazidiwa

Mume wangu alikuwa na watoto wengi kuliko mwanaume yeyote mtaani kwetu, na mimi nilimzalia mmoja tu. Hao wengine walikuwa vidudu. Waliishi kiwandani, kwenye bwawa la majitaka, na aliwapenda kiasi kwamba ningekuwa mwanamke wa wivu ningeshindwa hata kujua nigombane na nani.

Naeleza haya mwenyewe kwa sababu yameshaelezwa vibaya na watu wengi, na nimechoka kuyasikia yakipita midomoni mwao.

Kiwanda cha chuma kilicho mwisho wa barabara yetu kina tanuri za kuoka makaa ya mawe. Makaa yakiokwa hutoa moshi, lami na maji, na hayo maji ndiyo balaa. Yana rangi ya chai iliyolala, yananuka dawa ya chooni, na sumu iliyomo ingemaliza samaki wote wa mto kwa siku moja. Basi kwanza yanatolewa lami, kisha yanapigwa mvuke, halafu yanaingizwa kwenye bwawa pana la zege ambalo mashine zinalipulizia hewa kutoka chini bila kupumzika. Humo ndimo wanamoishi bakteria ambao kazi yao ni kula ile sumu. Wakila, maji yanatoka hayana madhara, yanakwenda zake mtoni. Wakifa, sumu inapita kama ilivyoingia, na huko chini kuna watu wanaochota.

Bakteria hao hawaokotwi tu popote. Wanazoeshwa. Wanaonjeshwa sumu kidogo kidogo kwa miezi, wenye kufa wanakufa, waliobaki wanazaana, mpaka linapatikana bwawa zima la viumbe wanaokula kitu ambacho kingemuua ng'ombe. Wakifa wote, ni kuanza upya. Mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa bwawa hilo tangu lijengwe, aliwazoesha yeye mwenyewe, na wenzake wakampa jina la Baba Wengi.

Ukimuuliza habari za kazi anakwambia, "Watoto wameshiba." Povu likijaa juu ya maji, watoto wanacheua. Tope likigoma kutuama kwenye tangi la mwisho, watoto wanaharisha. Kazi ikipungua kule kwenye tanuri na maji machafu yasipokuja, watoto wana njaa, wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Na watu wa tanuri wakimwaga maji makali mengi kwa mpigo, kupita uwezo wa bwawa, hapo watoto wamezidiwa. Zamu nzima ilizungumza hivyo, hata wahandisi.

"Ungekuwa unaniuliza mimi kama nimekula, jinsi unavyowauliza hao," nilikuwa namwambia, "ningekuwa sipiti mlangoni."

"Wewe una mikono," ananijibu. "Wao hawana."

Binti yetu hakupata mdogo. Mimba mbili ziliniharibikia baada yake, madaktari wakaniambia nitosheke. Kwa hiyo aliposikia baba yake anazungumzia watoto, aliamua kwa akili zake za chekechea kwamba hao ndio wadogo zake.

"Baba, wadogo zangu leo wamekula nini?"

"Sumu."

"Na jana?"

"Sumu."

"Huwabadilishii hata chakula? Watakuchukia!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kuanzia siku hiyo baba yake alimwita Dada Mkubwa, na mtaa ukafuata. Hata mwalimu wake alikuwa anamwita hivyo anaposahau.

Alipofika darasa la tatu alianza kuvimba miguu, na akipanda ngazi za shule anahema. Tulimpeleka hospitali. Daktari wa moyo, mama mmoja mpole mwenye miwani, akatueleza kwamba yale maumivu ya koo aliyougua miaka ya nyuma, ambayo sisi tuliyaona mafua tu, yalikuwa yameila valvu ya moyo wake. Haifungi sawasawa, akasema. Damu inakwenda mbele na nyingine inarudi nyuma.

"Valvu," mume wangu akasema. "Haifungi."

"Ndiyo, baba."

Nilimwona anavyomtazama. Valvu isiyofunga kwake ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Anafungua, anasafisha, anabadilisha mpira, anarudisha, anakuja nyumbani anapiga mluzi. Sasa alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, anaambiwa kuna valvu mbovu ndani ya mwanawe na yeye haruhusiwi kuigusa. Upasuaji upo, daktari akasema, ila foleni ni ndefu, na moyo wenyewe umeshachoka. Tukaanza kusubiri.

Mtu mwenye moyo wa namna ile hawezi kulala chali. Akilala, kifua kinajaa maji, anakosa pumzi. Dada Mkubwa alilala amekaa. Na hakulala kwa mito, alilala kwa baba yake. Mume wangu alikuwa anaegemea ukuta, anamweka mbele yake, mgongo wa mtoto kwenye kifua chake, mikono imemzunguka, na hapo ndipo alipopumua vizuri. Mimi nilijaribu. Alikuwa muungwana, hakuniambia vibaya. "Mama, wewe una mifupa," alisema, "baba ana godoro." Mara mbili alizidiwa tukamkimbiza hospitali, na mara zote mbili baba yake alipanda naye kitandani, wauguzi wakapiga kelele mpaka wakachoka, akamwegemeza kifuani mpaka dawa zikashika. Kwa hiyo Dada Mkubwa akawa na imani moja tu kuhusu ugonjwa wake: baba akifika, pumzi inarudi.

Mara ya tatu ilimkuta baba yake yuko kazini.

Asubuhi ile tulikuwa wodini tayari, tumelazwa kwa siku kadhaa, na alionekana nafuu. Mume wangu alimbusu, akaenda zamu yake. Baada ya chakula cha mchana mtoto akabadilika. Midomo ikawa ya bluu, akaanza kuvuta hewa kwa mabega. Muuguzi akaita daktari, daktari akaja anakimbia, mimi nikatoka hadi kwenye korido nikapiga simu ya getini kiwandani.

Kiwandani huko simu haziingii ndani, kwa sababu ya gesi. Kila mtu anaiacha kwa mlinzi wa getini. Mlinzi mwenyewe alikuwa mzee mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa ukimpa ujumbe anaufikisha kama ulivyo, haongezi neno, hapunguzi neno. Mwanamke mmoja aliwahi kumtuma, "Mwambie asiporudi leo na sabuni alale hukohuko." Redio alimfuata mwenye mke mpaka kwenye kikao na meneja, akasimama wima, akasema, "Mkeo kasema usiporudi leo na sabuni ulale hukohuko." Meneja mwenyewe alicheka.

Redio akapokea.

"Mwambie mtoto kazidiwa," nikasema. "Aje."

"Mtoto kazidiwa, aje," akarudia, na sauti yake ikabadilika. "Nakimbia, mama."

Kutoka kiwandani hadi hospitali si mbali. Nilirudi ndani nikapanda kitandani, nikajiweka nyuma yake na mifupa yangu, nikamshika. Mengine ya chumba kile sitayasema sasa. Alikufa mchana huohuo, jua lingali kali dirishani.

Baba yake alikuja muuguzi ameshamfunika. Buti zilikuwa zimelowa, ovaroli ina madoa ya povu lililokaukia magotini, na ile harufu ya maji ya tanuri ilimtangulia. Alifunua shuka, akaangalia, akaifunika tena polepole. Halafu akakaa sakafuni.

Maelezo yake niliyapata kesho yake, mbele ya ndugu. Alisema alikuwa kwenye chumba cha mashine za hewa, ambako kelele ni nyingi. Redio akaja akamwambia kitu, na yeye akasikia "watoto wamezidiwa." Akatoka mbio kwenda bwawani, na kweli akakuta maji yameanza kugeuka meusi, povu linapanda. Watu wa tanuri walikuwa wameosha tangi la lami wakaachia uchafu wote bila kumwambia mtu. Akafunga valvu kubwa, akayageuza yale makali yaende kwenye bwawa la dharura, akafungulia maji safi, akarudisha tope lenye bakteria wazima kutoka tangi la mwisho, akawasha kila mashine ya hewa iliyokuwepo. Ilimchukua mchana wote. Bwawa likapona. Mtoni haikupita hata ndoo moja ya sumu.

Nani angembishia? Bwawa lilikuwa limegeuka kweli, kila mtu aliliona. Na neno lenyewe ni lilelile. Mama yangu mzazi alishika kichwa akasema, "Mungu wangu, neno moja tu!" Shemeji zangu wakalia upya. Nami nililia, na katika kulia kwangu nilimwonea huruma mume wangu kuliko nilivyojionea mimi. Nilimshika mkono siku zote za msiba. Nilimlisha kwa kijiko.

Siku ya mazishi meneja wake alipewa nafasi ya kuzungumza. Alikuwa ametayarisha maneno mazuri. Akasema marehemu alikuwa binti wa shujaa, kwamba siku ileile ya huzuni baba huyu aliwaokoa watoto wetu wote bwawani, na watoto wa watu wanaochota mtoni. Alimaanisha wema, najua. Nilitamani kumvuta ile tai yake mpaka chini.

Redio hakufukuzwa, ila alitolewa getini. Walimpeleka kulinda vyuma chakavu nyuma ya kiwanda, mahali ambapo hapapiti mtu wa kumtuma. Wakaanza kumwita Redio Mbovu.

Mimi nina saluni ndogo, viti viwili na kioo. Nilipofungua tena, mteja mmoja mgeni aliingia, akataka kusukwa. Nilikuwa sijafika hata nusu ya kichwa chake akaanza kunisimulia.

"Dada, umesikia kile kisa cha kiwandani? Cha yule aliyeambiwa mtoto wake anakufa, akadhani anaambiwa vijidudu?"

"Nimesikia," nikasema.

"Wanasema alifika hospitali ananuka choo, anauliza, 'Watoto wangu wamepona, huyu naye vipi?'"

Akacheka. Si kicheko kibaya, kile cha mtu anayestaajabia mambo ya dunia. Nilimsuka mpaka mwisho, nywele zimelala vizuri, nikamwambia leo sitaki kitu, nenda. Alishukuru sana, akasema kweli mimi nina roho nzuri. Nilifunga mlango nikakaa kwenye kile kiti chake nikajitazama kwenye kioo, na nikasema basi, ndivyo mwanangu atakavyokumbukwa, kama kichekesho cha kusimuliwa ukisukwa.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameacha kusema watoto. Alisema "bakteria," kwa shida, kama mtu anayesoma neno ukutani. Alikuwa anakwenda kazini, anarudi, anakaa. Kitanda cha mtoto hatukukigusa.

Redio alikuja Jumamosi moja asubuhi. Alikataa kukaa. Alivua kofia akaikunja mikononi.

"Mama, mimi sikuja kubishana na msiba wa mtu," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu yeye ni baba aliyefiwa. Nilisema, wacha wanibebeshe, mgongo wangu mpana. Lakini jana mjukuu wangu kaniuliza, 'Babu, ni kweli wewe uliua mtoto kwa kusema vibaya?'"

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Mimi sikupiga kelele kutoka mlangoni. Najua mle chumbani hakusikiki kitu. Niliingia mpaka ndani, nikamshika mkono, hapa." Akajishika juu ya kiwiko. "Nikamwambia sikioni, 'Mkeo kapiga simu kutoka hospitali. Mtoto kazidiwa. Uje.' Akanitazama. Akasema, 'Nimekusikia.' Nikarudi getini mbio. Nilimtolea simu yake kwenye kabati nikaiweka mezani, nikamfungulia geti kabisa, ili asipoteze muda. Nikasimama pale. Hakuja."

"Hukurudi kumwita?"

"Nilirudi. Nikamwona kule juu ya bwawa, anafungua mabomba, anawafokea watu. Nikamwita. Akaniona, mama. Akageuza uso."

Nilimsindikiza mpaka nje.

Mume wangu alikuwa uani anasugua buti zake kwa brashi. Nilisimama mbele yake kivuli changu kikamfika.

"Redio alikuwa hapa."

Aliendelea kusugua. "Anasemaje?"

"Anasema alikushika mkono."

Brashi ikasimama. Ndege wa jirani walikuwa wanapiga kelele kwenye banda lao, na mtu alikuwa anatwanga kitu nyumba ya pili. Nilisubiri aniambie Redio ni mwongo. Nilikuwa tayari kuamini, haki ya Mungu. Angesema tu neno moja, ningemfukuza yule mzee moyoni mwangu na maisha yangeendelea.

"Nilimsikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Mtoto. Nilisikia mtoto."

Nikaokota buti moja nikamrushia. Lilimpata begani. Hakukwepa, wala hakujishika.

"Daktari aliniambia," akasema, anaangalia brashi. "Ile mara ya pili, ulipokwenda kununua maji. Aliniambia, baba, akizidiwa tena hatutakuwa na la kufanya, jiandaeni. Sikukwambia. Niliona nikikwambia ndiyo itakuwa kweli. Redio aliposema kazidiwa, mimi nikajua mwanangu anakufa. Nikatoka kuja. Nilikuwa nakuja, mama. Njia ya getini inapita pembeni ya bwawa, nikaona maji yamebadilika rangi, povu linapanda." Akaiweka brashi chini. "Nilipoliona lile povu nilishukuru."

"Ulishukuru."

"Nilishukuru. Kwa sababu pale nilijua la kufanya. Nilijua kila valvu. Nikasema nikimaliza hii nakwenda. Nikimaliza na ile nakwenda. Mwenzangu akaniambia hii tutaimudu sisi, pumzika, nikamfokea. Kule hospitali ningefanya nini? Ningekaa nimemshika, ananifia kifuani, na mimi nina hii mikono tu?"

"Ungekaa umemshika," nikasema. "Nani alikuomba umponye? Hakuna aliyekuomba! Ungekaa tu. Mimi nilikaa. Mimi nilikuwa na lipi la kufanya? Mimi najua kusuka nywele!"

Alianza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumsikia, hata makaburini. Sikumshika. Nataka hilo lijulikane. Nilimpenda na sikumshika. Nilikumbuka nilivyomlisha kwa kijiko mbele ya ndugu, naye anameza.

Baadaye nikamwambia, "Kesho kutwa utakwenda kumsafisha yule mzee. Na si kwa meneja chumbani. Hapohapo getini, mbele ya watu walewale."

"Watanionaje?"

"Watakuona."

Alikwenda. Habari nilizipata kwa Redio mwenyewe, aliyenipigia simu adhuhuri ile. Alizisema kama anavyosema ujumbe wowote, neno kwa neno.

"Mama, zamu zilikuwa zinapishana. Mumeo kapanda kwenye ngazi ya ofisi. Kasema, 'Redio alinifikishia sawasawa. Hakukosea. Mtoto wangu alikuwa anakufa, nikajua, nikaogopa kwenda. Kilichokuwa bwawani wenzangu wangekiweza.' Halafu kashuka." Redio akakohoa. "Wengine wakainama. Mama, mimi niliutaka huo ukweli, lakini nilipoupata nilitamani asingeusema. Ni hayo tu."

Wamemrudisha getini, nasikia. Na lile jina wamelikata mkia, ni Redio tu kama zamani. Mume wangu hakuna anayemwita Baba Wengi tena. Hawamtukani. Wanamsalimia na kupita, na akiingia chumba cha chai maongezi yanapungua. Nimeambiwa kwamba anahudumia bwawa lake vizuri kama mwanzo, kwamba maji yanayotoka yanapimwa na yako sawa, na kwamba hasemi na mtu.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikuondoka. Dada zangu waliniuliza. Mmoja alikuja na mabegi matupu kabisa. Nilikuwa na hasira, na mtu pekee duniani aliyejua vizuri kama mimi jinsi yule mtoto alivyokuwa anacheka alikuwa ni huyohuyo niliyemkasirikia. Nikihama, nitamkumbuka na nani? Tulikaa nyumba moja, tukapishana, tukawekeana chakula mezani bila kuitana.

Siku moja alirudi kazini mapema. Nilikuwa nimeingia chumba cha mtoto kufagia, naye akaja akasimama nyuma yangu. Halafu akapita akakaa kitandani, akaegemea ukuta, mahali pake palepale alipokuwa anakaa, miguu ameinyoosha. Kifua chake kilikuwa wazi mbele, hakina mtu. Sikumwambia aondoke.

Tangu mazishi alikuwa hajaniuliza hata mara moja habari za siku ile. Nilidhani ni kwa sababu hajali kujua, kisha nikadhani ni kwa sababu anaogopa, kisha nikaacha kudhani. Fagio lilikuwa mkononi mwangu.

"Aliniulizia?" akasema.

Ningeweza kumwambia hapana. Ingekuwa rahisi kwake, na kidogo kwangu. Ningeweza pia kumwambia kwa ukali wote, nikamkata nao. Nilifikiria yote mawili, nikiwa nimesimama pale.

"Alikuulizia," nikasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko njiani. Nikamwambia unakuja mbio."

Alifumba macho. "Akasemaje?"

Niliweka fagio chini, nikakaa pembeni ya kitanda, si karibu naye.

"Muuguzi alitaka kufunga mlango, kwa sababu ya watu wa korido. Akakataa. Pumzi yenyewe hana, lakini akakataa. Akasema usifungwe, baba hatajua ni chumba kipi."

Mume wangu alifumbua macho.

"Haukufungwa," nikamwambia. "Nilimwambia yule muuguzi auache. Ulikuwa wazi mpaka mwisho, na yeye alikuwa ameugeukia."